Saa Sabini na Mbili

Kwenye kile kitabu cha kliniki ambacho wamama wajawazito hupewa hapa Kenya, kuna mahali padogo pa kuandika kundi la damu, na karibu na hapo neno moja la kigeni: Rhesus. Sista hujaza alama moja tu, ya kujumlisha au ya kutoa, anafunga kitabu na kumwita anayefuata kwenye foleni. Ukiwa na mbio zako hutaiona. Ungedhani ni mambo ya maabara tu, kama zile namba za nyuma ya kitambulisho.

Alama hiyo ina historia. Nimekuwa nikiifuatilia kwa karibu miaka miwili, mwanzoni kwa udadisi, halafu kwa sababu niligundua imepita nyumbani kwetu. Ndani yake kuna mkunga wa Paris, daktari mfugaji wa vipepeo, wafungwa wa New York, mzee mmoja wa Australia aliyeogopa sindano, na wanawake wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Hebu nikusimulie venye nimeielewa.

Mapacha wa 1609

Mwaka wa 1609 mkunga Mfaransa aitwaye Louise Bourgeois alichapisha kitabu kuhusu kazi yake. Huyu hakuwa mkunga wa kubahatisha, maana ndiye aliyemzalisha malkia wa Ufaransa, Marie de Medici. Katika kitabu hicho anaeleza juu ya mapacha. Mmoja alizaliwa amevimba mwili mzima kwa maji na akafa muda mfupi baadaye. Wa pili alionekana yuko sawa, kisha akageuka kuwa wa manjano, naye akafa baada ya siku chache.

Mama mmoja, tumbo moja, vifo viwili visivyofanana. Kwa zaidi ya miaka 300 iliyofuata madaktari waliviona kama magonjwa tofauti. Kulikuwa na ugonjwa wa watoto wanaovimba, ugonjwa wa watoto wanaogeuka manjano, na ugonjwa wa watoto wanaozaliwa weupe midomoni kwa kukosa damu. Ni mwaka wa 1932 ambapo madaktari watatu wa Boston, Louis Diamond, Kenneth Blackfan na James Baty, waliandika kwamba hayo yote ni ugonjwa mmoja wenye sura tatu. Chembe nyekundu za mtoto zinavunjwavunjwa kwa kasi, na mwili wake unakimbizana kutengeneza nyingine. Mwili ukishindwa, damu inapungua, moyo unachoka, maji yanajaa. Mabaki ya chembe zilizovunjika hutoa takataka ya manjano iitwayo bilirubini. Mtoto akiwa tumboni, mama humsaidia kuitoa. Akishazaliwa hana msaidizi, na bilirubini ikizidi huingia kwenye ubongo. Hata asipokufa, anaweza kubaki kiziwi, au na mwili usiotii anachotaka ufanye.

Kilichobaki kuwa fumbo ni mpangilio. Mara nyingi mtoto wa kwanza alizaliwa mzima. Wa pili alikuwa wa manjano. Wa tatu alizaliwa amekufa. Familia nyingi duniani zilikuwa zinaujua mpangilio huo kabla daktari yeyote hajaupa jina, na kila mahali palikuwa na maelezo yake: laana, mkosi, jicho la mtu, dhambi ya mama. Hata baadhi ya madaktari walikuwa wepesi wa kushuku kaswende. Unaona mahali kidole kilipoelekezwa.

Daktari aliyefiwa

Mwaka wa 1938 daktari wa maabara huko Chicago, Ruth Darrow, aliandika makala akisema tuache kumtafuta mchawi kwingine. Alisema mwili wa mama unaitambua damu ya mtoto kama kitu kigeni na kutengeneza kinga dhidi yake, na kinga hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kumshambulia mtoto. Hakujua hasa ni kitu gani kwenye damu kilichozua ugomvi, na sehemu hiyo aliikosea. Lakini umbo la jibu alikuwa amelipata. Darrow mwenyewe alikuwa amefiwa na mtoto kwa ugonjwa huohuo. Nikisoma historia hii, hapo ndipo niliposimama kwa muda. Swali ambalo wanaume wengi wasomi walilipitia juu juu lilijibiwa na mwanamke aliyekuwa na sababu ya kutolala.

Mwaka uliofuata ushahidi ulianza kuja. Huko New York mwanamke mmoja alikuwa amejifungua mtoto aliyekufa, na kwa kuwa alikuwa amepoteza damu nyingi, akaongezewa damu ya mumewe. Wote wawili walikuwa kundi O, kwa hivyo kwa elimu ya wakati huo hapakuwa na shida yoyote. Lakini mwili wake uliikataa damu ile vibaya sana. Philip Levine na Rufus Stetson walipoichunguza damu yake, walikuta kingamwili zisizojulikana, zilizozishambulia chembe za mumewe na za watu wengine wengi waliopimwa. Kumbe mtoto alikuwa amerithi kitu kutoka kwa baba, na mama alikuwa amekikataa kitu hicho mara mbili: kwanza ndani ya mtoto, kisha ndani ya chupa ya damu.

Mwaka wa 1940 Karl Landsteiner, yuleyule aliyekuwa amegundua makundi ya A, B na O mwanzoni mwa karne, pamoja na Alexander Wiener, waliripoti majaribio waliyofanya kwa damu ya tumbili aina ya rhesus. Kutoka kwa tumbili huyo tukapata herufi mbili: Rh. Ukiwa na alama hiyo kwenye chembe zako wewe ni chanya. Ukikosa, wewe ni hasi. Ulaya karibu watu 15 kati ya 100 ni hasi. Hapa kwetu ni wachache, wanne au watano hivi kati ya 100. Shikilia hiyo hesabu, tutairudia.

Askari wa geti

Njia rahisi niliyopata ya kuelewa huu ugonjwa ni kufikiria askari wa geti la mtaa wenu, yule mwenye kitabu cha wageni.

Mama ni hasi, baba ni chanya, mtoto wa kwanza amemfuata baba. Katika ujauzito, damu ya mama na ya mtoto hukaa kila moja upande wake kwa sehemu kubwa. Lakini wakati wa kuzaa kondo linabanduka, na matone machache ya damu ya mtoto yanaingia kwa mama. Askari anamwona mgeni asiyemjua. Anamchunguza polepole, anauliza maswali, anaandika jina lake kitabuni. Anapomaliza, mtoto alishazaliwa zamani na yuko mgongoni, salama. Si kila mama hufikia hapo. Lakini jina likishaandikwa, halifutiki.

Mtoto wa pili akija na damu chanya, askari hana haja ya kuuliza. Anafungua kitabu, jina lipo. Safari hii anatuma kikosi, na kikosi chenyewe ni cha kingamwili ndogo zinazopenya kondo bila shida. Kila mimba inavyoongezeka, kikosi huja mapema zaidi na kwa hasira zaidi. Ndiyo maana wa tatu huumia kuliko wa pili.

Mimi ni kifungua mimba wa mama yangu. Nilizaliwa katikati ya miaka ya tisini katika hospitali moja magharibi ya Kenya, nikiwa na kilo tatu na sauti ya kuamsha wadi. Baada yangu mama alipata mimba mbili. Mdogo wangu wa kwanza aliishi siku nne. Mama husema alikuwa "rangi ya ndizi mbivu", na kwamba siku ya tatu aliacha kunyonya. Wa pili alizaliwa amekufa. Nyumbani kwa baba watu walizungumza. Shangazi mmoja alisema, na si kwa siri, kwamba yule mtoto wa kwanza ndiye aliyefunga mlango. Yaani mimi.

Miaka mingi baadaye, mama akitayarishwa kwa upasuaji mdogo, alipimwa damu akaambiwa ni O hasi. Baba ni chanya. Mimi ni chanya. Nilipoanza kusoma historia hii nilimpigia simu mama na kumuuliza kama alipigwa sindano yoyote ya damu baada ya kunizaa. Alifikiria. "Nilipewa panadol," akasema, "na chai."

Hakuna aliyewapima wadogo zangu, kwa hivyo siwezi kuapa mbele ya hakimu. Lakini mpangilio ule ndio uleule wa 1609. Cha ajabu ni kwamba shangazi alikuwa amepata robo ya ukweli. Kweli, kama ni ugonjwa huu, ni mimi niliyeandikwa kitabuni kwanza. Alichokosea ni kudhani kuna mtu wa kulaumiwa, kwa sababu mtoto hachagui damu ya baba yake na mama hachagui kinga ya mwili wake. Na sindano ya kuzuia yote hayo ilikuwepo duniani tangu miaka ya sitini.

Kumwosha mtoto damu

Kabla ya sindano hiyo, madaktari walijaribu kumwokoa mtoto ambaye tayari amepatikana. Hapa ndipo kuongezewa damu kulipochukua sura ambayo mtu wa kawaida hawezi kuiwaza.

Mtoto wa kilo tatu ana takriban mililita 250 za damu, haifiki hata chupa ndogo ya soda. Wazo lilikuwa kuitoa damu hiyo iliyojaa kingamwili na bilirubini na kuweka nyingine ya Rh hasi, ambayo kingamwili za mama haziwezi kuigusa. Huko Toronto daktari Alfred Hart alifanya jambo kama hilo mwaka wa 1925, kabla hata Rh haijajulikana. Lakini mishipa ya mtoto mchanga ni kama uzi. Mnamo miaka ya arobaini Louis Diamond alipata njia rahisi zaidi: kitovu. Kwa siku za kwanza mshipa wa kitovu bado unapitika. Anaingiza mrija mwembamba wa plastiki, anavuta kiasi kidogo, anarudisha kiasi kilekile cha damu safi, anavuta tena, anarudisha. Zoezi hilo huendelea kwa saa kadhaa, hadi damu iliyopita iwe mara mbili ya ile ya mtoto. Hapo sehemu kubwa ya damu yake huwa ni ya mtu mwingine kabisa. Watoto ambao wangekufa walianza kwenda nyumbani.

Kisha kuna hadithi ya mwanga, na hii wamama wa huku wataipenda. Mwaka wa 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex nchini Uingereza, Sista Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto wachanga uani kuota jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto aliyekuwa amepauka mwili mzima isipokuwa kipande kimoja kilichobaki cha manjano, pale shuka ilipokuwa imemfunika. Wiki chache baadaye chupa ya damu ya mtoto mwingine iliyosahaulika dirishani penye jua ilipimwa na kukutwa bilirubini imeshuka. Richard Cremer na wenzake walijenga taa, na mwaka wa 1958 wakachapisha matokeo. Zile taa za buluu unazoziona wadi ya watoto wachanga, mtoto amelala amefungwa kitambaa machoni, zilitoka kwa sista na jua. Tahadhari tu: mtoto aliyegeuka manjano siku ya kwanza, au manjano iliyoshuka hadi miguuni, hiyo si kazi ya jua la saa mbili asubuhi. Hiyo ni ya kukimbia hospitali.

Bado kulikuwa na wale ambao hawangefika siku ya kuzaliwa. Walikuwa wanafia tumboni wiki nyingi kabla, wakiwa wadogo mno kuzalishwa mapema. Huko Auckland, New Zealand, daktari William Liley alikuwa akichukua maji yanayomzunguka mtoto ili kupima ugonjwa umefika wapi. Mara kadhaa sindano yake ilipita mbali zaidi na kuingia kwenye tumbo la mtoto mwenyewe. Badala ya kuona ajali tu, alijiuliza: kama sindano inafika hapo, damu je?

Na hapa, manze, Afrika inaingia. Liley alikuwa amesikia kutoka kwa mgeni aliyewahi kufanya kazi Afrika kwamba huku watoto wenye ugonjwa wa selimundu walikuwa wakiwekewa damu ndani ya uwazi wa tumbo, na kwamba chembe zile baadaye zilionekana zikizunguka mwilini. Kwa hivyo halikuwa lazima kuupata mshipa. Ukiweka damu tumboni, mwili huinyonya wenyewe. Mbinu iliyotumika kwa mtoto mgonjwa wa huku ilimfungulia Liley njia ya kumfikia mtoto asiyezaliwa upande wa pili wa dunia. Watatu wa kwanza walikufa. Wa nne alizaliwa hai Septemba 1963, baada ya kuongezewa damu akiwa bado ndani ya mama yake. Ilikuwa mara ya kwanza mtoto aliye tumboni kuokolewa kwa kuongezewa damu. Tangu miaka ya themanini madaktari huiona sindano kwa ultrasaundi na kuifikisha kwenye mshipa wa kitovu moja kwa moja. Lakini mlango uliufungua mwaka huo.

Vipepeo na gereza

Kuokoa ni kuzuri, kuzuia ni bora. Liverpool, Uingereza, kulikuwa na daktari Cyril Clarke ambaye kwa kujiburudisha alifuga vipepeo na kuchunguza jinsi rangi za mabawa zinavyorithiwa. Urithi wa vipepeo ulimpeleka kwenye urithi wa damu. Yeye na mwenzake kijana, Ronald Finn, walikuwa na dondoo moja ambalo Levine alishaligundua: mama hasi akiwa pia na kundi la ABO lisilopatana na la mtoto, kwa mfano yeye O na mtoto A, ni nadra kupata ugonjwa huu. Kwa nini? Kwa sababu kingamwili zake za kawaida dhidi ya A huziua chembe za mtoto zinazovuka, kabla askari hajapata muda wa kuandika jina.

Basi kwa nini usifanye hivyo kwa makusudi? Clarke alisimulia kwamba mkewe alimwamsha usiku wa manane na kumwambia ampe mama kingamwili dhidi ya Rh. Akakasirika, akamjibu kwamba hizo ndizo wanazojaribu kuzizuia. Asubuhi hasira ikaisha, akaona mke ana maana. Ukimchoma mama kingamwili kidogo za mtu mwingine mara tu anapojifungua, zitawaondoa wageni wote getini na kitabu kitabaki kitupu. Zile za kuazima zitaisha zenyewe baada ya miezi michache.

New York, bila kuwasiliana na Liverpool, Vincent Freda, John Gorman na William Pollack walifikia wazo hilohilo. Walihitaji kulijaribu kwa watu wenye damu hasi ambao hawawezi kupata mimba, yaani wanaume. Waliwapata gereza la Sing Sing, kando ya mto Hudson. Wafungwa walijitolea, ingawa neno "kujitolea" nyuma ya nondo lina uzito wake na sitaliruka. Walidungwa damu chanya, kisha wengine wakapewa kingamwili, wengine hawakupewa. Waliopewa hawakuandika jina lolote. Inasimuliwa kwamba kwa sababu za usalama gereza halikuwaruhusu watafiti kuja siku yoyote wanayotaka, na ilibidi wasubiri hadi saa 72 kati ya sindano ya kwanza na ya pili. Dawa ilifanya kazi hata hivyo. Kwa hiyo ile sheria unayoisikia leo katika wadi ya wazazi, kwamba mama apigwe sindano ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, chanzo chake ni ratiba ya gereza.

Januari 1964 Gorman alimtumia shemeji yake dawa hiyo kwa ndege hadi Uingereza. Alikuwa Rh hasi na anakaribia kujifungua. Alipigwa sindano, na baada ya hapo alizaa watoto wengine wazima. Mwaka wa 1968 Marekani iliidhinisha dawa itumike kwa wote. Bila sindano, kati ya mama 100 hasi wenye mtoto chanya, karibu 16 wangeandika jina. Kwa sindano baada ya kuzaa, wakapungua hadi chini ya wawili. Ukiongeza nyingine mimba ikiwa na wiki 28 hivi, karibu hakuna anayebaki.

Iko ndani ya nani?

Dawa hii inaitwa anti-D. Swali ambalo sikuwahi kulifikiria ni inatoka wapi. Siku hizi kuna nchi kama India zinazotengeneza aina yake maabara, lakini kwa miaka yote hiyo na mpaka leo sehemu kubwa ya anti-D hukamuliwa kutoka kwenye plazma ya mtu, yale maji ya damu yanayobaki ukiondoa chembe. Na lazima awe mtu ambaye mwili wake umeshaandika jina.

Ni nani hao? Mwanzoni wengi walikuwa ni wanawake walewale. Wale waliokuwa wamezika watoto wawili, watatu. Kingamwili zilizowaua watoto wao ndizo zilizochujwa zikawa dawa ya watoto wa wengine. Sijui kama kuna msiba mwingine ambao umegeuzwa dawa kwa namna ya moja kwa moja hivi. Hawana sanamu.

Baadaye wanaume wa Rh hasi walijitolea kudungwa damu chanya makusudi ili miili yao itengeneze kingamwili. James Harrison wa Australia ndiye anayejulikana zaidi. Akiwa na miaka 14 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa kifua na akaokolewa na damu ya watu asiowajua. Aliapa kwamba akifikisha miaka 18 naye atatoa. Alianza mwaka wa 1954. Damu yake ilikutwa na kingamwili hizi kwa wingi, na mpango wa anti-D wa Australia ulipoanza mwaka wa 1967 alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alitoa mara 1,173 hadi sheria ya umri ilipomzuia mwaka wa 2018, na muda wote huo hakuwahi kuitazama sindano ikimwingia kwa sababu aliiogopa. Huduma ya damu ya nchi yake inakadiria alisaidia watoto milioni 2.4. Binti yake mwenyewe alipigwa sindano ya anti-D. Harrison alifariki Februari 2025 akiwa na miaka 88. Australia nzima, dawa hii hutegemea watu wapatao 200 tu.

Lakini dawa inayotoka ndani ya mtu hubeba pia yaliyo ndani ya mtu. Nchini Ireland, kuanzia mwaka wa 1977, anti-D ilitengenezwa kwa plazma ya mwanamke mmoja mjamzito aliyekuwa akitibiwa ugonjwa huuhuu wa Rh. Aligeuka manjano kwa maradhi ya ini, na plazma yake ikaendelea kutumika. Hakuulizwa ruhusa. Zaidi ya wanawake 1,000 waliambukizwa virusi vya homa ya ini aina ya C na sindano iliyokusudiwa kuwalinda watoto wao. Umma uliambiwa mwaka wa 1994. Brigid McCole, mama wa watoto 12, aliipeleka serikali mahakamani akafa mwaka wa 1996 kabla kesi haijasikizwa. Tume ya uchunguzi ilifuata. Leo plazma huchujwa na kuuawa virusi kwa hatua kadhaa, na sheria hizo za usalama ziliandikwa kwa gharama ya wanawake kama hao.

Tukirudi kwa ile hesabu

Kama wenye damu hasi Kenya ni wanne au watano kati ya 100, basi mwanamke hasi akipenda mtu, karibu kila mara atakuwa amempenda mtu chanya. Huhitaji bahati mbaya ili kuingia kwenye hatari hii. Inatosha kuwa na mpenzi. Na kwa sababu wachache ndio wanaoguswa, ni rahisi wasahaulike. Sindano inagharimu maelfu ya shilingi, na katika hospitali nyingi ndogo jamaa hutumwa kuitafuta famasi wakati saa zinahesabika. Watafiti wamekadiria kwamba karibu nusu ya wanawake duniani wanaoihitaji hawaipati. Na wingi wao hawaishi Liverpool.

Kisha kuna ile ujumbe wa WhatsApp unaopita kila baada ya wiki mbili: "Haraka, O hasi inahitajika, mtoto mchanga." Ni uhaba uleule, umeonekana upande wa pili.

Kwa hivyo kama wewe au mtu wako ana mimba, haya ndiyo ya kuuliza kliniki. Mimi ni chanya au hasi? Kama ni hasi, je, nimepimwa kama nina kingamwili tayari? Nitapata wapi anti-D na ni nani atakayeilipa? Iulize mapema, mkiwa na miezi ya kuchanga, si usiku wa kujifungua. Mtoto akizaliwa, apimwe damu papo hapo, na akiwa chanya, saa zimeanza kuhesabika. Mimba ikitoka, hata ya wiki chache, au ukianguka ukaumia tumbo, sema damu yako ni hasi. Matone huvuka hapo pia. Na sindano ni ya kila mimba. Ya mtoto wa kwanza haimlindi wa tatu.

Mama yangu sasa ana miaka sitini na kitu. Akisikia binti fulani wa kanisani ana mimba, wengine wakiuliza kama ni mvulana au msichana, yeye humvuta kando na kumuuliza swali moja: "Damu yako ni gani?" Wengine humshangaa. Yeye hangoji wamalize kushangaa, anamwambia alete kitabu cha kliniki amwonyeshe mahali pa kuangalia.